Kabla hujawakabidhi deni lako: yaliyonikuta Houston

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi hata hiyo harusi sikuiona. Nilikopa matanga na nikalipa matanga, kisha deni lenyewe nikaikabidhi kampuni ya kupunguza madeni.

Baba alifariki Tanga mwaka 2021, baada ya wiki kadhaa za kuingia na kutoka hospitali. Maziko sikuyawahi, niliwahi hitima. Wakati huo nilikuwa Houston, Texas, nikihudumia wazee zamu ya usiku, kazi ambayo nyumbani huwekwa kwenye kapu moja na kuitwa kubeba maboksi. Bili za dawa, tiketi ya ghafla, chakula cha waombolezaji, kisha arobaini. Ukiwa ndiye mtoto uliyeko Marekani, kikao cha familia hakikuulizi kama unazo, kinakuuliza zitaingia lini. Siwalaumu. Hakuna aliyejua kwamba kila nilichotuma kilitoka kwenye kadi, kwa sababu sikumwambia mtu.

Niliporudi, gari likafa injini. Nayo nikaibandika kwenye kadi. Kufika Februari 2022 nilikuwa na kadi nne na deni la dola 23,400, kwa riba ya wastani wa asilimia 25. Ukipiga hesabu, riba peke yake ni kama dola 487 kwa mwezi. Kima cha chini cha kadi zote nne kilikuwa kinakaribia dola 720, na mshahara wangu baada ya makato ulikuwa dola 2,900 ukijumlisha na zamu za ziada. Kodi ya nyumba ilikula 1,150. Nilikuwa nalipa kila mwezi na deni halisogei, kama mtu anayechota maji kwa tenga.

Aliyeniletea habari ya kampuni hiyo ya kupunguza madeni alikuwa dada yetu mmoja kwenye kikundi chetu cha kuchangiana. Ni mkubwa kwangu, ananiita mdogo wangu, na tumeshafungua futari kwake mara nyingi. "Mdogo wangu, mbona unajitesa? Kuna watu wanaongea na mabenki, unalipa nusu tu. Mimi mwenyewe nimejiunga." Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Mtu wetu amejiunga, mimi ni nani nianze kuuliza maswali? Baadaye sana nilikuja kujua kwamba kila aliyeingiza jina la mtu alipewa kadi ya zawadi ya dola 50. Simwoni kama tapeli. Alikuwa anazama na akashika boya lile lile, akanivuta na mimi. Lakini ningelijua lile la dola 50, ningelisikiliza ushauri wake kwa sikio jingine. Siku hizi mtu yeyote akinielekeza kwenye huduma ya pesa, nauliza kwanza, bila aibu: wewe unapata nini?

Nilipopiga simu, kijana aliyepokea alikuwa na sauti ya mtoto aliyelelewa vizuri. Alinipa pole ya msiba. Aliniuliza jina la baba. Kisha akaniambia nitalipa dola 411 kwa mwezi, miezi 48, basi. Kutoka 720 hadi 411! Nilikaa chini kwenye ngazi za nje nikalia. Sikuuliza hata swali moja kuhusu zile 411 zinakwenda wapi.

Jumamosi iliyofuata alikuja nyumbani mama mmoja mwenye kompyuta kibao na muhuri wa kuthibitisha saini, wale wanaoitwa notari. Mama mpole, nikampa chai ya tangawizi. Alikiri mwenyewe kwamba mambo ya madeni hayajui. Kazi yake ni kunisomea kurasa alizopewa na kunionyesha pa kuweka kidole. Dakika 35, sahihi 17. Juu ya mkataba kulikuwa na jina la ofisi ya mawakili, nikajisikia mtu mwenye wakili.

Sasa ngoja nieleze kwa nini yule mama alitumwa, maana nilichukua karibu mwaka kulielewa jambo hili. Marekani kuna tume ya shirikisho inayosimamia biashara, FTC. Kanuni yake ya mauzo kwa simu, tangu tarehe 27 Oktoba 2010, inakataza kampuni inayouza huduma ya kupunguza madeni kwa njia ya simu kuchukua ada kabla mambo matatu hayajatimia: iwe imepata makubaliano na mdai kwa angalau deni moja, wewe uwe umeyakubali, na uwe umeshalipa angalau malipo ya kwanza chini ya makubaliano hayo. Kabla ya hapo, hata dola moja ni marufuku. Ila kanuni hiyo inalegea pale mauzo yanapofanyika ana kwa ana. Kwa hiyo mtu anatumwa jikoni kwako na muhuri, anasoma kurasa, na kampuni inasema: tuliuza ana kwa ana. Yule mama na chai yangu ya tangawizi ndio walikuwa tundu la kupitishia mkono kwenye mfuko wangu, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua.

Mchezo huu haukuwa wangu peke yangu. Januari 2024 ofisi ya shirikisho ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha, CFPB, pamoja na wanasheria wakuu wa majimbo saba, walifungua kesi kwenye mahakama ya shirikisho huko New York dhidi ya mtandao wa kampuni za aina hii. Madai yao yalikuwa hayo hayo: ofisi za mawakili zinazowekwa mbele kama pazia, manotari wanaozungushwa majumbani, na ada zinazokatwa kabla ya kazi. Haikuwa kampuni yangu, lakini nilipoyasoma madai yale nilihisi kama kuna mtu alijificha chini ya meza siku ile.

Turudi 2022. Maagizo niliyopewa yalikuwa matatu. Acha kulipa kadi zote. Usiongee na mabenki, wakipiga usipokee. Barua zote tutumie sisi. Hapa ndipo ningetaka msomaji asimame kidogo, kwa sababu hili la kuacha kulipa ndilo moyo wa biashara yenyewe, hata kwa kampuni zinazofuata sheria. Benki haipunguzi deni la mtu anayelipa. Lazima kwanza ukae bila kulipa, mpaka wakate tamaa. Kwa kadi, baada ya kama siku 180 benki huliandika deni hilo kwenye hesabu za hasara. Wenzetu wengi wakiona maneno hayo kwenye ripoti yao ya mikopo hudhani wamesamehewa. Hapana. Deni bado ni lako; benki inaweza kulidai yenyewe, kulikabidhi kwa wakusanyaji, au kuliuza kwa wanunuzi wa madeni. Na katika miezi hiyo yote riba na faini zinaendelea kupanda, na alama za kuchelewa zinakaa kwenye ripoti yako miaka saba. Alama zangu za kukopesheka, zile wakopeshaji wanazokupimia, zilitoka 690 zikashuka hadi 528.

Nililipa 411 kila tarehe 3 kwa miezi tisa, kwenye akaunti ya akiba ya mpango wao. Nilikuwa najivunia. Simu za wadai niliziziba, nikabaki naruka kila mlango ukigongwa.

Desemba, saa moja asubuhi, nimetoka zamu, bado nina viatu vya kazi, mwanaume mmoja aligonga akataja jina langu kamili na kunikabidhi karatasi. Samansi. Benki yenye kadi yangu kubwa, dola 8,940, ilikuwa imenishtaki kwenye mahakama ndogo ya madai ya kaunti.

Niliwapigia wale wenye sauti nzuri. "Usijali, tutumie nakala, wakili atashughulikia." Nikatuma siku hiyo hiyo. Siku tatu kimya. Siku ya tano nikaambiwa faili liko idara nyingine. Siku ya nane nilimwomba wakili mwenyewe, nikaambiwa mkataba wangu unahusu mazungumzo ya madeni tu, kuniwakilisha mahakamani ni huduma tofauti. Wakati huo samansi ilikuwa imeandikwa wazi, ningeisoma tu: kwenye mahakama hizo za Texas una siku 14 tangu ukabidhiwe karatasi kuwasilisha majibu kwa maandishi. Usipojibu, wanaomba hukumu ya upande mmoja na wanaipata.

Siku ya kumi na moja nilifika kwenye kituo cha msaada wa kisheria nikiwa na bahasha zangu kwenye mfuko wa plastiki. Binti aliyenihudumia, umri wa mdogo wangu wa mwisho, alinisaidia kujaza fomu ya majibu. Ukurasa mmoja tu! Kukana madai, kuweka sahihi, kupeleka kwa karani, nakala kwa wakili wa benki. Sikulipa hata senti. Aliniambia na jambo ambalo lilinikata usingizi wiki nzima: Texas hawakati mshahara wa mtu kwa deni la kadi, hiyo ni kinga nzuri, lakini mdai akishapata hukumu anaweza kuomba amri ya kushika fedha zilizomo kwenye akaunti ya benki. Mshahara ukishatua kwenye akaunti, kinga ile haiufuati tena. Nami mshahara wangu wote hutua benki.

Kisha akaniuliza, "Ile akaunti unayowekea 411 ina kiasi gani?" Sikujua. Miezi tisa sikuwahi kuingia. Tuliifungua pale pale. Nilikuwa nimeweka dola 3,699. Zilizobaki zilikuwa 702. Ada ya kampuni, ada ya akaunti, ada ya "ulinzi wa kisheria": dola 333 kila mwezi, tangu mwezi wa kwanza, na hakuna hata deni moja walilokuwa wamelizungumzia.

Nilipofika nyumbani niliuchukua ule mkataba kwa mara ya kwanza na kalamu. Ada ilikuwa asilimia 25, si ya kile watakachookoa bali ya deni lote nililoandikisha: 5,850. Akaunti dola 10 kwa mwezi, 480. Ulinzi wa kisheria 35 kwa mwezi, 1,680. Hata kama wangefaulu kulipunguza kila deni hadi nusu, yaani 11,700, jumla ningetoa 19,710. Ndiyo hiyo "nusu" niliyolilia kwenye ngazi. Na hapo hujahesabu kodi ya serikali, ambayo nitaigusa.

Nilijitoa kwa barua, nikaituma kwa posta yenye risiti. Zile 702 zilirudi. Nikapeleka malalamiko CFPB na kwa mwanasheria mkuu wa Texas, nikiambatanisha taarifa ya akaunti. Baada ya wiki saba kampuni ilinirudishia dola 1,500, ikisema ni kwa "hisani". Sawa, hisani na iwe.

Sasa sehemu inayoulizwa sana: unaijuaje iliyo ya kweli? Nilichofanya baada ya haya, nikiwa sina tena aibu, nilikaa siku moja ya mapumziko na daftari nikazipigia kampuni tatu. Swali la kwanza: dola ya kwanza nitakulipa lini? Swali la pili: nikishtakiwa, nani atasimama mahakamani, na imeandikwa ukurasa gani? La tatu: kwa mtu mwenye mshahara wangu, nini kingine ningeweza kufanya bila nyinyi?

Kampuni ya kwanza ilianza na "mpango mpya wa serikali wa kufuta madeni ya kadi". Hakuna mpango kama huo. Nilikata simu. Ya pili ilijibu swali la kwanza vizuri, la pili kwa kigugumizi, na kwenye la tatu yule bwana akaniambia nafasi yangu inaisha saa kumi na moja jioni. Ya tatu alipokea mama mmoja mwenye sauti kavu, hana pole wala nini. Alisema ada yao ni baada ya deni kumalizwa. Alisema wateja wao wengine hushtakiwa, na wakili wanajitafutia. Alisema kiasi kinachosamehewa kinaweza kuhesabiwa kama kipato na kutozwa kodi. Kisha akaniuliza kipato, kodi ya nyumba, watu ninaowatumia pesa, akanyamaza kidogo, akasema: "Kwa hesabu hizi mimi nisingekuandikisha. Anza na ushauri wa madeni usio wa faida, na uongee na wakili wa mambo ya kufilisika, hata kama hutafika huko." Mtu pekee niliyemwamini katika watatu hao ndiye aliyenifukuza.

Hayo ni ya masikio. Kuna na ya karatasi, na yote ni bure. Kwa Texas, mtoa huduma za kusimamia au kupunguza madeni anatakiwa awe amesajiliwa kwa ofisi ya jimbo inayosimamia mikopo, OCCC; unatafuta jina lake kule. Akitaja wakili, chama cha mawakili cha jimbo kina orodha. Nilipomtafuta "wakili wangu", leseni yake ilikuwa ya jimbo jingine kabisa. Malalamiko ya watu yako wazi kwenye hifadhidata ya CFPB, na usisome idadi tu, soma hadithi: ukikuta watu kumi wanasema "sikujua nimeshtakiwa", umeshajibiwa. Alama za nyota sizihesabu sana, maana hata mimi mwezi wa pili niliwapa tano. Akaunti ya akiba iwe na jina lako, pesa ziwe zako, na uweze kujitoa siku yoyote bila faini. Kwa kampuni zilizo chini ya ile kanuni ya simu, pesa zako zinatakiwa kurudi ndani ya siku saba za kazi. Usiulize kampuni kama ni kweli. Ipigie benki inayoshika akaunti.

Na ukiambiwa usiongee na wadai wako, ongea nao kwanza. Nilipompigia mdai wa kadi ndogo kuliko zote, nikaambiwa kwamba tangu mwanzo walikuwa na mpango wa watu waliopata msiba au ugonjwa, riba inashushwa kwa muda. Simu ya dakika 20. Ningeipiga Februari 2022, huenda nisingekuwa na cha kuandika hapa.

Mwisho wa yote nililimaliza lile la mahakamani mwenyewe, kwa kuongea na wakili wa benki: dola 5,600 badala ya 8,940, malipo 14 ya 400, maandishi kwanza ndipo pesa. Kadi tatu zilizobaki ziko kwenye mpango wa shirika la ushauri lisilo la faida, mwanachama wa NFCC, umoja wa mashirika kama hayo ulioanza 1951. Wananitoza dola 30 kwa mwezi. Sio malaika, mshauri wa kwanza alinichosha kwa mafunzo ya bajeti, akanishauri nipunguze "zawadi kwa ndugu", nami nikamweleza kwamba sukari ya mama yangu haiitwi zawadi. Tukaelewana. Ikaandikwa kwenye bajeti kama bili.

Januari iliyofuata ikaja karatasi ya kodi iitwayo 1099-C: dola 3,340 zilizosamehewa, serikali inaziona kama kipato. Usiitupe. Kama wakati wa kusamehewa madeni yako yalikuwa makubwa kuliko mali zako, kuna fomu 982 ya kuomba zisitozwe kodi. Mimi mali yangu ilikuwa lile gari na masufuria.

Yule dada nilimkwepa miezi mingi. Sio hasira, zaidi ilikuwa kutojua nianze wapi. Ramadhani iliyofuata alinipigia, akaniambia njoo futari, nikaenda. Watoto walipolala alifungua droo ya vijiko, akatoa bahasha ya mahakama, haijafunguliwa. "Walisema niwatumie wao. Nikachoka." Nilimuuliza alikabidhiwa lini. Alikumbuka kwa sababu ilikuwa siku ya kuandama mwezi. Tukahesabu kwa vidole, mkono wangu na wake juu ya meza: ya sita. Nikamwambia alete kalamu.